Siku Ligi Yetu Ilipoogopa Kukubaliana

Kwa misimu miwili nilikuwa kipa wa pili wa timu ya wasichana ya mtaa wetu, na katika misimu hiyo yote kipa wa kwanza hakuumwa hata mafua. Jumapili asubuhi kanisani akikohoa, nilijikuta nikigeuka kumtazama kwa matumaini, kisha namwomba Mungu msamaha kabla kwaya haijamaliza ubeti. Alikuwa kipa mzuri. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nilifanyiwa fitina. Alikuwa mzuri, alikuwa na afya, na mimi nilikuwa na glavu ambazo hazikuwahi kuchafuka.

Niliishia darasa la nane, kisha nikaanza kumsaidia shangazi yangu kuuza vitunguu soko la Muthurwa. Mimi si mtu wa maneno. Mteja akiniuliza bei, namwonyesha kwa vidole. Akitaka kupunguziwa, namwelekeza kwa shangazi kwa kidevu. Golini nilipapenda kwa sababu mtu anasimama peke yake na hakuna anayemuuliza bei ya chochote.

Ligi yetu ilikuwa na timu nane za wasichana kutoka mitaa ya Eastlands. Tulicheza Jumapili alasiri kwenye uwanja wa vumbi jekundu karibu na reli, wenye magoli ya mabomba ya maji na usiokuwa na nyavu. Duka moja la rangi lilitoa kombe na zawadi ya washindi. Mwenyekiti alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya reli, na aliiendesha ligi kama ratiba ya treni: mechi ya saa tisa ilianza saa tisa, hata kama timu moja bado ilikuwa inafunga viatu. Baada ya mechi kila mchezaji alipewa kikombe cha chai na mandazi mawili. Huo ndio uliokuwa mshahara wetu, na ulikuwa sawa katika timu zote nane.

Ulikuwa sawa kwa sababu ya yai. Msimu uliotangulia, timu ya Lucky Summer iliongeza yai la kuchemsha juu ya mandazi. Haukupita muda mrefu kabla ya mawinga wawili wa timu nyingine kugundua kwamba wana ndugu wa damu Lucky Summer. Halafu beki mmoja naye akagundua kwamba nyanya yake alizaliwa huko. Makocha wakaitana nyumbani kwa mwenyekiti, wakaketi barazani, wakakubaliana mambo mawili. La kwanza, hakuna timu itakayotoa zaidi ya chai na mandazi mawili. La pili, hakuna timu itakayomchukua mchezaji wa timu nyingine mpaka kocha wake amwachilie.

Namna ya kuachiliwa ndiyo iliyokuwa kazi. Mwenyekiti hakupenda mambo ya kunong'onezana. Alitaka mchezaji anayetaka kuhama asimame katikati ya uwanja kabla ya mechi, mbele ya timu zote mbili na watazamaji, aseme kwa mdomo wake kwamba anataka kuondoka na anataka kwenda wapi. Kisha kocha wake amjibu hapo hapo, ndiyo au hapana. Tangu kanuni hiyo iwekwe, msichana mmoja tu alijaribu. Kocha wake alimjibu, "Hapana," na filimbi ikapulizwa, na ikabidi acheze mechi nzima na watu aliokuwa amewaambia hawataki. Hakuna aliyempa pasi.

Siku moja kocha wa timu ya mtaa wa Fedha alikuja kwenye meza yetu sokoni. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mama mdogo wa umbo mwenye sauti ya kuwapanga watoto mstari. Alinunua mikebe miwili ya gorogoro yenye vitunguu ambavyo nilijua hana haja navyo, maana aliviacha mezani wakati wote tulipokuwa tukiongea.

"Wewe ndiye yule kipa wa akiba?" aliniuliza.

Nikainamisha kichwa kukubali.

"Nimekuona ukipasha misuli. Una mikono mizuri. Mimi kipa wangu amepata kazi Mombasa. Juzi golini nilimsimamisha beki wa kushoto, akawa anaukwepa mpira kama nyuki."

Nilicheka bila sauti.

"Ningekuchukua leo leo. Lakini unajua mambo ya wazee wa baraza. Lazima usimame pale katikati uombe. Utaweza?"

Nilitazama vitunguu. Shangazi alikuwa ametupa mgongo akichambua neti mpya ya vitunguu, lakini mikono yake ilikuwa imesimama. Masikio yake huwa hayafungi duka.

Jumapili iliyofuata nilienda uwanjani mapema nikiwa nimeamua. Niliamua kuanza kwa kumwomba kocha wangu faraghani, labda angenionea huruma asinipeleke katikati. Kocha wetu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpana, mcheshi, ambaye nyusi zake zimeungua mara nyingi mpaka zimechoka kuota. Nilimkuta akijaza mpira upepo.

"Kocha."

"Sema, mami."

"Glavu..." nikasema. "Glavu zangu zimepasuka."

Alizichukua, akazigeuza huku na huku. Zilikuwa nzima kama siku ziliponunuliwa. Akanirudishia, akaendelea kupampu.

"Najua Fedha wanakutaka," alisema bila kuinua macho. "Nimeambiwa umeuza vitunguu vingi sana wiki hii. Sasa nisikilize. Mimi nikikuachilia, mzunguko wa pili nitakukuta umesimama upande ule. Mimi ni fundi. Nimtengenezee jirani geti zuri, halafu geti hilo hilo linizuie mimi kuingia?"

"Lakini sichezi, Kocha," nilisema. Nafikiri sauti yangu ilifika kwenye kola ya jezi tu.

"Unajifunza," alisema. "Haya, kimbia raundi mbili."

Kesho yake sokoni shangazi alinihoji mpaka nikamweleza yote, kitunguu kwa kitunguu. Nilipofika kwenye habari ya yai, aliweka kisu chini.

"Subiri hapo. Makocha wote wanane walikaa pamoja?"

"Ndiyo, anti."

"Wakakubaliana mayai yasitolewe?"

"Ndiyo."

"Na wakakubaliana asiyeachiliwa asichukuliwe na yeyote?"

"Ndiyo."

Shangazi alicheka mpaka mama wa nyanya jirani akauliza kama kuna mtu ameanguka. "Si mtu," shangazi alimjibu akijipangusa macho kwa kanga. "Hawa watoto wamekuwa vitunguu!"

Nilijua anachokumbuka. Mwaka mmoja nyuma, afisa wa serikali alikuja sokoni na kipaza sauti. Alitoka ofisi inayosimamia ushindani wa biashara, na alikuja kuwaeleza wauzaji wa jumla kwamba sheria inawakataza kuketi pamoja wakapanga bei moja, au wakagawana malori na wateja ili mmoja asimsumbue mwingine. Wauzaji wa vitunguu walikuwa wakifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka, na chai ya kikao ilikuwa inachemshwa na shangazi. Aliumia sana siku ile. "Nilidhani tunapendana," alisema, "kumbe tunavunja sheria."

Sasa aliona nafasi ya kumpa mtu mwingine uchungu ule.

Kuna wakili mmoja, dada wa miaka kama thelathini, anayenunua vitunguu vya hoteli ya mama yake. Alipokuja wiki hiyo, shangazi alimchagulia vilivyo vikavu na vyekundu, akamwekea na vya nyongeza, kisha akamuuliza habari ya ligi yetu. Yule dada aliweka mkoba juu ya magunia akaketi. Nilimwona amefurahi, kama mtu aliyechoka kuulizwa mambo ya mashamba na talaka.

"Sheria ya ushindani," alisema, "inawaangalia watu ambao walipaswa kushindana, lakini wamekaa wakakubaliana wasishindane. Kama ninyi na bei ya vitunguu."

"Usinikumbushe," shangazi alisema.

"Basi ligi za kulipwa nazo zimefika mahakamani nchi nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Timu ni waajiri. Wanashindana kupata wachezaji. Wakikubaliana kwamba mshahara usizidi hapa, au kwamba mtu asichukue mchezaji wa mwenzake, hapo wamepanga bei ya mtu badala ya bei ya kitunguu."

"Na yai?"

"Yai ni mshahara," alisema wakili kwa uso mkavu kabisa.

"Umesikia, mami? Yai ni mshahara!" Shangazi alinipiga begani. Wakati huo huo lori la kutoka Tanzania likapiga honi mlangoni mwa soko, na shangazi akaruka kama mtu aliyeitwa kwa jina. Vitunguu vya kwanza kushushwa ndivyo vizuri. Tukabaki mimi na wakili.

Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa ameshaanza, na mimi ni msikilizaji mzuri kwa kukosa njia nyingine.

"Hiyo ni nusu tu," alisema. "Michezo ni biashara ya ajabu. Shangazi yako, wenzake wote wakihama soko, atauza vitunguu akiimba. Lakini timu ikiwashinda wengine mpaka wakafunga na kuondoka, itauza nini? Haina mchezo. Wapinzani wanahitajiana. Ni lazima wakubaliane saa, refa, ukubwa wa goli. Sheria haiwezi kukataza hayo, kwa sababu bila hayo hakuna kitu cha kushindania. Kwa hiyo majaji huuliza maswali mawili. Je, kanuni hii inahitajika ili mchezo uwepo, au ili timu zisiachane sana kwa nguvu mpaka watu wachoke kutazama? Na kama inahitajika, je, imezidi kipimo?"

Alinieleza habari za mchezaji mmoja wa Ulaya ambaye mkataba wake uliisha na klabu yake ikakataa kumwacha aende. Alishtaki, akashinda, na tangu hapo huko mkataba ukiisha mchezaji anaondoka zake. Akaniambia pia kwamba Marekani kuna mchezo wa kupiga mpira kwa rungu ambao mahakama yao ilisema zamani sana kwamba hauguswi na sheria ile, na michezo mingine ilipokwenda kuomba bahati hiyo hiyo ikakataliwa. Hilo hata yeye lilimchekesha.

"Sasa ligi yenu ya chai," alimalizia akichukua mkoba, "sijui kama kuna hakimu atakayeiita biashara. Msiende kortini kwa ajili ya mandazi. Waulizeni tu makocha maswali yale mawili. Utamwambia shangazi?"

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa na nia ya kumwambia. Lakini shangazi alirudi kutoka kwenye lori akiwa amepata vitunguu vizuri na anazungumza tayari, na aliendelea kuzungumza mpaka Jumapili.

Jumapili hiyo alikuja uwanjani moja kwa moja kutoka kanisani, na gauni lake la bluu na kitambaa kichwani. Alipita katikati ya timu zilizokuwa zikipasha misuli, akaenda mpaka alipokuwa mwenyekiti na makocha.

"Mzee, habari ya leo."

"Nzuri, mama. Karibu. Umekuja kushangilia?"

"Nimekuja kuwaambia kwamba mnavunja sheria."

"Ipi? Ya kuotea?"

"Ya serikali."

Watazamaji wakasogea. Shangazi akawaeleza habari ya afisa, kipaza sauti, bei ya vitunguu na mshahara wa yai. Alieleza vizuri. Ana sauti ya soko.

Kocha wangu alimsikiliza akiwa amekunja mikono. "Mama," alisema, "kwa heshima. Vitunguu vyako havivai jezi."

"Na mageti yako hayanywi chai. Lakini wewe na mafundi wenzako wa barabara yenu, kaeni mpange bei moja ya geti, uone."

Kila mtu uwanjani alijua kwamba barabara ile geti lina bei moja, ukianza mwanzo mpaka mwisho.

"Mimi nilisema toka mwanzo!" kocha wa Lucky Summer alidakia. "Nilisema yai halina makosa!"

Mwenyekiti aliinua mkono. "Mama, ngoja nielewe. Sisi pia tulikubaliana mechi zianze saa tisa. Hilo nalo ni kosa?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa hatua chache tu, kwenye benchi, na nusu ya pili ya maneno ya wakili ilikuwa imejaa mdomoni mwangu. Lakini shangazi alikuwa ameshapata upepo.

"Hata hilo!" alisema. "Kukaa pamoja mkakubaliana, hilo ndilo kosa lenyewe. Sisi tuliambiwa hata chai tusinywe pamoja!"

Makocha walitazamana, kisha wakaanza kuachana polepole, kila mmoja hatua mbili upande wake, kama watu waliokutwa wamesimama karibu na dirisha lililovunjika. Mwenyekiti alivua filimbi shingoni, akaikunja ndani ya leso.

"Nimefanya kazi ya reli maisha yangu yote sikuandikiwa barua ya onyo hata moja," alisema. "Sitaanza kuandikiwa sasa. Kuanzia leo hakuna makubaliano. Kila timu ifanye ipendavyo."

Wiki ile ilikuwa tamu. Lucky Summer walirudisha yai. Timu nyingine ikatangaza chapati na ndengu. Kocha wa Fedha akamtuma mtoto sokoni na jezi yenye nambari moja mgongoni, imefuliwa na kupigwa pasi. Sikuwa nimemwomba mtu ruhusa, sikuwa nimesimama katikati ya chochote. Usiku nililala nikiwa nimeiweka juu ya mto, chini ya shavu.

Jumapili ikafika. Kocha wa Fedha alikuwa ameamua mwenyewe kwamba mechi ni saa nane, kwa sababu jua la saa nane huwachosha wapinzani. Tulifika saa nane. Wapinzani hawakufika, kwa kuwa hakuna aliyekubaliana nao. Refa alikuwa kaka yake kocha. Aliangalia saa yake, akapuliza filimbi, tukaanza.

Nilisimama golini. Wenzangu walikwenda mbele wakafunga bao kwenye goli tupu, wakakumbatiana. Walirudi, wakaenda tena, wakafunga. La tatu walipeana mikono. La nne hakuna aliyegeuka. Mimi nilipasha misuli, nikapangusa glavu, nikaamuru ukuta wa mabeki kwa vidole ingawa hakuna aliyekuwa anapiga faulo. Mwenye mkokoteni wa maji alikatiza ndani ya boksi langu.

"Niaje, kipa. Mnacheza na nani?"

"Hakuna mtu."

"Na mnaongoza?"

"Nne bila."

"Basi kazeni," alisema, akaenda zake.

Baadaye timu nyingine zikaanza kuja, kila moja kwa saa yake. Timu yangu ya zamani ilikuja na refa wake, ambaye alikuwa shemeji yake kocha. Wasichana wa Majengo, wanaocheza na hijabu na ambao mbio zao huogopwa na kila mtu, walikuja na magoli yao madogo ya mbao, kwa kuwa kocha wao hupenda mchezo wa pasi fupi. Lucky Summer walikuja mayai yalipoiva. Mipira ilikuwa mitatu, filimbi tatu, na kila filimbi ilisimamisha watu ambao haikuwahusu. Katikati ya vumbi lile mpira ukanijia juu kulia, mkali. Niliruka, nikaudaka kwa mikono miwili. Nilisimama nao kifuani mpaka msichana nisiyemjua alipokuja akaniambia, "Dada, samahani, huo ni wetu." Mpira wa kwanza niliouokoa katika ligi haukuwa wa mechi yangu.

Ugomvi ulianza kwenye magoli ya mbao. Makocha walitaka kuuzima, lakini waliogopa kuonekana wamesimama pamoja, kwa hiyo kila mmoja alibaki pembeni yake na wakawa wanapigiana kelele kutoka pande zote za uwanja.

"Toeni hayo mambao!"

"Sikubaliani!"

"Sikuombi ukubali! Nakuambia tu!"

Wasichana wakaanza kuvua viatu. Wawili wa Majengo walikuwa wameshabeba goli lao begani. Shangazi, aliyekuja kutazama matunda ya kazi yake, alikuwa ameketi kwenye jiwe, kimya, jambo ambalo si la kawaida. Mwenyekiti alikuwa kwenye jiwe la pili.

Nilielewa kitu rahisi. Wakiondoka leo, hawatarudi. Nitakuwa kipa huru kuliko makipa wote wa Nairobi, na hakuna mtu atakayenipigia mpira.

Nilitembea mpaka katikati ya uwanja. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka kwamba kelele zilipungua, kwa sababu watu walidhani naomba kuachiliwa.

"Unaomba nini?" kocha wangu wa zamani alipaza sauti. "Kanuni si zimekufa?"

Watu wakacheka.

"Wakili hakusema hivyo," nilisema.

"Sauti!"

"Wakili hakusema hivyo!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na ikanitisha mwenyewe. Shangazi aliinua kichwa. "Alisema mchezo una mambo unayoyahitaji. Saa. Refa. Magoli. Hayo mnaweza kukubaliana, si kosa. Bila hayo mnacheza peke yenu. Nimecheza peke yangu leo. Ni vibaya."

"Na mengine?" mwenyekiti aliuliza kutoka kwenye jiwe.

"Mengine mjiulize kama mchezo unayahitaji. Na kama mmezidisha."

"Yai!" mtu akapiga kelele.

"Mechi inachezeka hata kama wengine wamekula yai," nilisema. Walicheka tena, lakini safari hii haikuniumiza.

Kocha wangu wa zamani hakucheka. Alikuja mpaka karibu, akasahau kuogopa. "Sawa. Lakini mimi nina swali la kweli. Timu yenye wazazi wenye uwezo ikiamua kuchukua wachezaji wazuri wote kwa chapati na ndengu, sisi wengine tutakuwa tunakuja kufungwa tu. Hilo nalo litaendesha ligi?"

Wakili alikuwa amenipa maswali, hakunipa majibu ya kutosha. "Sijui," nikasema.

"Mimi najua," alisema kocha wa Fedha. Naye alikuwa amekuja. "Kila timu iandikishe wachezaji kulingana na jezi zake. Seti moja, basi. Ukitaka kumchukua wa pembeni, lazima umwachilie mmoja wako. Hutaweza kuwarundika."

Makocha wakanung'unika kama watu wanaokubali. Walikuwa wameshakusanyika wote bila kujua. Mwenyekiti alitoa leso mfukoni, akaanza kuikunjua.

"Na kuhama?" aliuliza. Aliniuliza mimi.

"Asiombe ruhusa," nilisema. "Atoe taarifa tu."

"Wakati wowote?" kocha wangu akadakia. "Fikiri vizuri, mami. Wiki ya fainali mtu aje anichukulie kipa kwa sahani ya pilau?"

Nilifikiri. Nilikuwa nimevaa jezi ya Fedha, nambari moja mgongoni, na msimu ulikuwa haujafika katikati. Jibu nililijua na sikulipenda. Kipa anayeweza kununuliwa wiki ya fainali anaharibu fainali ya watu wote. Hiyo ilikuwa kanuni ambayo mchezo unaihitaji.

"Kuhama kuwe mapumzikoni tu," nikasema. "Kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili, na mwisho wa msimu."

Kocha alinitazama. "Basi vua hiyo jezi."

Niliivua, nikabaki na fulana. Shangazi akajipiga paja. "Mami! Umejifunga mwenyewe!"

Kwa hiyo nilirudi benchi lile lile. Lakini benchi lilikuwa limebadilika, kwa namna ambayo sikuitarajia. Kocha sasa alijua kwamba mapumziko yakifika sitamwomba chochote. Ikabidi anibembeleze. Mechi moja aliniingiza dakika za mwisho tukiwa tunaongoza. Nyingine akanipa kipindi kizima cha pili. Chai yetu ikaongezwa maziwa, kisha ikaja ndengu. Siku moja alinifuata mpaka sokoni, akanunua vitunguu, akavishika mkononi kama mtu asiyejua vinavyoliwa.

"Nusu kwa nusu," alisema. "Mechi moja yeye, moja wewe. Unasemaje?"

Lilikuwa pendekezo zuri. Shangazi alikaa kimya kabisa upande wa pili wa meza, na najua kilimgharimu. Niliwaza siku nzima. Nilimpenda kocha wangu. Lakini yule kipa mwingine alikuwa bora kuliko mimi, na mechi za nusu kwa nusu zingekuwa zawadi tu, na Fedha bado walikuwa na beki anayekwepa mpira.

Mapumziko yalipofika nilimfuata karakana kwake. Aliinua kofia yake ya kuchomelea.

"Naenda Fedha, Kocha."

"Hakuna kitu cha kukubakiza?"

"Hakuna. Asante."

Akanipa mkono, mzito na wa moto, akateremsha kofia, akaendelea na kazi.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa na Majengo, saa tisa kamili, refa mmoja, mpira mmoja. Hijabu zao nyeupe zilikuja kwa mwendo kama upepo wa mvua. Winga wao alimpita beki wetu wa kulia, akapiga chini, nikashuka, mpira ukapita kati ya glavu zangu na bomba la goli. Wakashangilia. Beki wetu wa kushoto, aliyekuwa amefurahi kupita kiasi kwamba si yeye aliyesimama pale, alinigeukia.

"Karibu Fedha," alisema.

Mpira ulikuwa umetumbukia mtaroni nyuma ya goli, na kazi ya kuutoa ni ya kipa. Nilishuka nikauchukua, nikaupangusa tope kwenye jezi, nikaupiga hadi katikati. Wote walikuwa wamesimama pande zao, wanangoja tuendelee.